Paa wazi, mwendo wa kobe: mwongozo wa siku tatu kwa gari, Malindi hadi Marafa

Mkono wangu wa kulia umeiva kuliko wa kushoto. Kabla hujacheka, sikiliza hesabu yake. Kenya tunaendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Asubuhi ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, jua linachomoza baharini, kulia kwako. Alasiri ukirudi kusini, jua limehamia bara, na bara nako sasa ni kulia kwako. Dereva anachomwa kwenda na kurudi. Ukichukua upande wa pili, wa Gede na Watamu, zamu inageuka: anayeungua ni abiria wa mbele, asubuhi na alasiri.

Kwenye gari la kawaida hili halina maana. Kwenye gari la paa wazi ndilo jambo la kwanza la kujua, maana paa ulilolikunja nyuma ndilo lilikuwa kivuli chako. Watu huniuliza safari hii, ya kutoka Malindi hadi bonde la mchanga la Marafa, ina kilomita ngapi na mafuta ya shilingi ngapi. Kilomita ni chache. Mtu mwenye haraka anamaliza njia yote kwa siku moja na kurudi kulala. Kinachokwisha njiani ni kivuli. Kwa hiyo nimeipanga safari hii kwa kivuli: asubuhi tunaendesha, mchana tunakaa chini ya kitu, jioni tunaendesha tena.

Kuna atakayesema, mbona usifululize hadi Lamu? Nimefikiria. Barabara ya Garsen na Witu ni ndefu, jua lake halina huruma, ina vizuizi vya usalama vinavyotaka uwe na haraka kidogo, na mwisho wake unaacha gari Mokowe unapanda boti. Rafiki yangu wa Lamu hunicheka kila nikimtumia picha. Anasema kwao gari la paa wazi wanalo tangu zamani, na linakula nyasi.

Chagua upepo kabla ya tarehe

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, usijaribu. Mei hasa mvua haina mchezo, na udongo mwekundu wa Magarini, njiani kuelekea Marafa, ukilowa unateleza kama sabuni. Vuli ya Oktoba na Novemba inawezekana ukiwa na turubai linalofungika haraka.

Zimebaki nyakati mbili. Kaskazi, Desemba hadi Machi: mbingu safi, joto kali, wageni wengi, na bei ya kukodi hupanda. Kusi la Julai hadi Septemba: hewa ya baridi kidogo, mawingu ya hapa na pale, na manyunyu ya asubuhi yanayokuja dakika tano yakaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mimi huchagua Agosti au Septemba. Lakini kusi lina hila yake. Linavuma kutoka kusini, na njia ya Marafa inaelekea kaskazini, bara. Maana yake upepo unakusukuma mgongoni, na vumbi unalolitimua wewe mwenyewe linakufuata. Ukifunga breki ghafla, linakupita na kukaa mapajani mwako. Dawa yake ni kupunguza mwendo mapema, kidogo kidogo, huku ukisogea pembeni upande upepo unakotoka. Nilichukua safari mbili kulijua hili.

Gari lenyewe

Sahau yale magari ya kwenye filamu yanayokunja paa kwa kubonyeza kitufe. Yapo machache, na tumbo lake likikutana na matuta ya vijijini utalia wewe na litalia lenyewe. Gari la kazi hii ni kajipu kadogo kama Suzuki ya turubai, lenye tumbo la juu na magurudumu yote manne yakivuta ukitaka. Utazikuta bado Malindi na Watamu, nyingi za umri wa kuoa. Magari ya ufukweni yaliyo wazi kabisa, yasiyo na turubai la kurudisha, achana nayo. Siku ya mvua hutakuwa na la kufanya. Ukikosa jipu, kodi tuktuk na dereva wake kwa siku ya kwanza tu, upande wa Gede. Ina paa juu lakini pande zote ni wazi, na dereva anajua kila mti wenye kivuli.

Ukishaonyeshwa gari, fanya haya kabla ya kutaja bei:

1. Kunja turubai mwenyewe, kisha lirudishe mwenyewe, huku saa inahesabu. Ikizidi dakika tano, mvua itakushinda. Usikubali mwenye gari akuonyeshe jinsi inavyofanyika. Yeye ana mazoea.

2. Vuta kila zipu. Chumvi ya bahari huzila. Zipu ngumu isuguliwe kwa mshumaa, juu na chini, itateleza. Nunua mshumaa mmoja uweke kwenye gari, utautumia.

3. Tikisa kile chuma kinachopita juu ya vichwa vya abiria. Ndicho kitakachobeba uzito gari likipinduka. Kikicheza, shuka uende zako. Mikanda nayo ifunge yote, pamoja na ya nyuma, na idadi ya abiria iishie pale mikanda inapoishia.

4. Tairi la akiba literemshwe chini, likanyagwe, lipimwe upepo. Kuna mtu nilikodi kwake, simtaji, tairi lake la akiba lilikuwa na upepo wa kutosha kuonekana zima. Nililigundua mchana wa saa saba, jeki iko chini ya gari, kivuli hakuna. Uliza pia jeki na spana ya nati viko wapi, na uvishike kwa mkono.

5. Stika ya bima isomwe tarehe, na leseni yako iwe mfukoni. Makubaliano yaandikwe: pancha analipa nani, kioo analipa nani, mafuta yanarudi kiwango gani. Piga video ukizunguka gari lote, viti na turubai pia, mbele ya mwenyewe.

Jaza tangi Malindi. Pima upepo wa matairi hapo hapo kituoni asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Unachobeba

Leso mbili kwa kila mtu, wanaume msijitoe. Moja ya kichwani na mdomoni wakati wa vumbi, ya pili ya kufunika kiti. Viti vya magari haya ni vya ngozi ya plastiki, na vikipigwa jua nusu saa havikaliki bila kupiga kelele. Mkeka mdogo wa ukili ni bora zaidi, unapitisha hewa mgongoni. Kofia iwe na kamba ya kufunga chini ya kidevu. Shati la mikono mirefu kwa yule ambaye siku hiyo ni zamu yake kuungua. Na miguu: ukivaa ndara, paka mafuta ya kuzuia jua juu ya nyayo, mahali ambapo hakuna anayepakumbuka hadi usiku anapojaribu kuvaa viatu.

Maji, lita tatu kwa kila mtu kwa siku, na galoni moja ya ziada ya rejeta. Noti ndogo ndogo za malango na za vitafunio, maana si kila mama wa mihogo atakuwa na chenji ya elfu moja. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Nikuonye kuhusu mafuta ya nazi. Najua, tumelelewa nayo. Lakini ukijipaka kichwani asubuhi ya safari hii, ikifika saa nne una udongo wa kujengea ukuta.

Mti wa kuegesha

Hapa naomba uvumilie niseme kirefu, kwa kuwa ndipo safari inapoharibika au kunoga.

Kamwe usiegeshe chini ya mnazi. Unajua nazi inaanguka, kila mtu anajua, lakini mgeni akiona ufukwe na minazi miwili na kivuli kati yake, akili inamtoka. Nazi kavu haipigi hodi. Ikikuta paa la chuma inaacha bonde. Ikikuta gari lisilo na paa inaingia ndani na wewe umo.

Mwembe una kivuli kizito, na ndiyo maana watu wote huukimbilia. Kuanzia Desemba embe huanguka, hilo ni dogo. Kubwa ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Tazama juu kabla ya kuzima injini. Ukiona majani yaliyogundishwa kama mpira, ondoka. Mara ya kwanza niliwapuuza. Nilirudi garini baada ya chakula, nikakaa, nikawasha, nikaingiza gia, na hapo ndipo walipoamua kujitambulisha, mmoja shingoni na wengine sijui niseme wapi. Mkorosho una tabia hiyo hiyo, na utomvu wake juu.

Mbuyu unadanganya kwa unene. Kiangazi hauna jani, na kivuli chake ni cha shina peke yake, ambacho kinazunguka kama mshale wa saa. Ukiegesha nyuma yake saa tano, saa sita uko juani. Mvinje wa ufukweni unanong'ona vizuri lakini kivuli chake kina matundu kama kichungi. Mwarobaini ni mzuri. Upo karibu kila kituo cha kijiji, majani yake madogo yanabana jua vilivyo, na wadudu hawaupendi sana. Mfalme ni mkwaju. Kivuli chake ni cha siku nzima, kinapitisha upepo, na kinachoanguka ni ukwaju, ambao unaokota unakula. Ukiona mkwaju una benchi chini yake, kuna wazee wanaokaa hapo. Salimia, shikamoo kwa kila mmoja, uombe nafasi. Watakupa, na watakuambia barabara ya mbele ikoje bora kuliko simu yako.

Ukishaegesha: viti vifunikwe leso, usukani ufunikwe, na garini kusibaki kitu. Gari lisilo na paa ni meza ya sokoni ambayo mwenyewe ameondoka.

Siku ya kwanza: kusini, polepole, kujaribu gari

Siku hii ni ya kuzoeana. Ondoka Malindi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, paa limekunjwa. Kwa kuwa unakwenda kusini, abiria wa mbele ndiye avae mikono mirefu. Barabara ni lami ile ya kwenda Mombasa, ina matatu, malori na boda boda, na wewe ukienda kilomita 50 kwa saa utakusanya msafara nyuma. Usione fahari. Kila baada ya muda ingia kituo cha kushoto, waache wapite, kisha endelea. Mtu anayeendesha polepole akiwa na adabu, hapigiwi honi.

Karibu na Gede, upande wa kulia, unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni kilomita za mraba 420 hivi, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu wa pwani ya Afrika Mashariki, na ndani yake yumo sengi mwenye makalio ya dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye huwezi kumwona kwa urahisi kwingineko duniani. Hutamwona kutoka barabarani. Utakachopata ni harufu. Asubuhi ile baridi ya msitu inamwagika juu ya lami, na kwenye gari lililo wazi unaingia ndani yake kama anayeingia majini. Inabadilika mita kwa mita: majani yaliyooza, kisha ua fulani, kisha moshi wa kuni wa nyumba ya jirani. Mwenye vioo juu na kiyoyozi hajui amepita nini.

Gede yenyewe iko kama kilomita 16 kutoka Malindi, kwenye njia panda ya kwenda Watamu. Mji wa mawe wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, ukamezwa na msitu. Uchimbaji wa kitaalamu ulianza 1948, na Julai 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Ukiwa ndani tafuta kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Ni mapema, kuta za matumbawe bado zina ubaridi, na mizizi ya miti imezikumbatia hadi hujui nani anamshikilia mwenzake.

Sasa gari. Gede kuna kima, wengi, na hawana haya. Mimi niliacha mkungu wa ndizi za sukari kiti cha nyuma, nimeufunika kwa leso, nikijiona mjanja. Niliporudi leso ilikuwa juu ya mti. Ndizi sikuuliza. Muombe mlinzi akuonyeshe pa kuegesha karibu naye, na chakula ubebe au umkabidhi. Hapo hapo jirani kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza nje ya nchi mabundo ya vipepeo, yaani viwavi waliojifunga kabla ya kuota mbawa. Nusu saa inatosha, na ni kivulini.

Saa tano uwe umefika Mida. Mchana wote upo kwenye mikoko, Dabaso, ambako kuna njia ya mbao juu ya maji na wanakijiji wanapika kaa. Maji yakiwa yamejaa ni kioo. Yakitoka, tope linajaa ndege wa pwani. Lala hapo hadi saa kumi. Kisha rudi Malindi, ukipita Watamu kwa dafu ukipenda.

Siku ya pili: kuvuka Sabaki

Leo zamu ya kuungua ni ya dereva. Vaa.

Kabla ya kutoka mjini, tafuta mahamri na mbaazi. Sihitaji kukueleza kwa nini.

Kilomita chache kaskazini mwa Malindi unafika daraja la mto Sabaki. Usisimame darajani, vuka, egesha pembeni pakavu, urudi kwa miguu utazame. Maji ni rangi ya chai ya maziwa, na mvua zikinyesha bara yanakuwa matofali. Ndiyo sababu ufukwe wa Malindi mjini huwa kahawia wakati wa mvua, wageni wakauliza nani amemwaga nini. Mto huu umeshuhudia mambo makubwa. Waingereza walitaka Wagiriama wanaolima ng'ambo ya kaskazini waihame ardhi yao, warudi kusini, na wawatolee vijana wa kazi. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama, alizunguka vijijini 1913 akiwaapisha watu wakatae. Alikamatwa, akapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi nyumbani kwa miguu. Mwaka 1914 Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti na vita vikazuka. Kaskazini mwa daraja hili unaendesha ndani ya ile ardhi iliyogombaniwa, na mashamba ya mananasi na mahindi unayoyaona pande mbili ndiyo jibu la nani alibaki.

Asubuhi hii nenda moja kwa moja Mambrui kwanza. Ni mji mdogo wa kale, wa misikiti na madrasa. Vaa kwa heshima, funika mabega, endesha taratibu kwa maana watoto wanatoka chuoni. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walikuta karibu na hapa sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala 1402 hadi 1424. Ni enzi hiyo hiyo ambayo Malindi ilipeleka twiga China, 1415. Ufukwe wa Mambrui ni mpana na unavutia kuendesha gari juu yake. Usiingie. Mchanga mkavu utakulaza hapo, na maji yakianza kujaa hayasubiri fundi. Ukinaswa na mchanga popote katika safari hii, usikanyage mafuta: shuka, punguza upepo wa matairi yote manne hadi karibu nusu ya kawaida, chimba mbele ya magurudumu, toka polepole kwa gia ya kwanza, kisha jaza upepo mara ukifika mahali pagumu. Ndiyo kazi ya ile pampu ya mguu ambayo sikuitaja juu. Ibebe.

Mwenye siku ya ziada anaweza kuendelea Gongoni kuona mabwawa ya chumvi yanayong'aa kama mabati, na Ngomeni, ambako majukwaa ya Waitaliano yamesimama baharini. Kutoka hapo Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Mchana wa Gongoni hauna kivuli kabisa, kwa hiyo sikupangii.

Saa sita hadi saa tisa kaa Mambrui. Kisha rudi kusini kuelekea Sabaki na ushike njia ya bara, ya Marikebuni, Magarini, Marafa. Hapa ndipo safari inapoanza kweli. Njia inapanda polepole, bahari inabaki nyuma kama mstari, udongo unazidi wekundu. Nanasi zimepangwa kando ya barabara kwa mafungu; nunua moja, mwombe muuzaji alimenye na kulikata, ulile hapo hapo umeinama, maana maji yake kwenye usukani yataita nzi hadi Marafa.

Gari lililo wazi halina kioo cha kujifichia. Kila mtu anakuona, na kila mtu anakusalimia. Watoto watapiga kelele "Ciao!", urithi wa wageni wetu wa Kiitaliano, wewe wajibu kwa Kiswahili, utasikia kicheko. Usirushe peremende hata ukiombwa, mtoto anayekimbilia peremende hatazami boda boda. Mtu mzima mpungie mkono, na ukimpita mzee anayetembea, punguza mwendo hadi vumbi lilale. Picha, omba kwanza.

Marikebuni nilisimama kuuliza njia. Bibi mmoja aliyekuwa na kuni kichwani alilitazama gari, akalizunguka.

"Mwanangu, paa limeng'oka wapi?"

"Halijang'oka, bibi. Tumelikunja."

"Mmelikunja wenyewe? Na jua hili?"

"Ndiyo, bibi. Tunapunga upepo."

Akafikiri kidogo. "Haya. Kila nyumba na shida yake." Akatuonyesha njia.

Marafa, saa kumi na moja jioni

Fika saa kumi na moja. Egesha mbali na ukingo wa bonde, kwa maana ukingo wenyewe ni mchanga ulioshikana tu na kila mvua inaumega. Kuna lango la wanakijiji. Lipa kiingilio na uchukue mwongozaji wa hapo hapo. Wenyewe wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Utasikia hadithi ya ukoo tajiri uliooga maziwa ya ng'ombe wake hadi Mungu akauzamisha ardhini. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Mwache asimulie mpaka mwisho hata kama mimi nimekumegea.

Shuka chini na viatu vilivyofungwa na maji mkononi. Joto la bonde mchana ni la tanuri, ndiyo sababu sikukuruhusu kuja saa saba. Kadiri jua linavyolala, nguzo za mchanga zinabadilika: nyeupe inakuwa waridi, waridi inakuwa chungwa, na chini kabisa ule wekundu unakolea. Inachukua kama robo tatu ya saa, na haitazamwi kwa haraka. Simu weka mfukoni kwa dakika kumi za mwisho.

Lala Marafa, pana nyumba za wageni za kawaida na mahali pa hema. Kuendesha usiku kurudi Malindi kwa njia yenye mbuzi, baiskeli zisizo na taa na mashimo ni kujitafutia. Kwenye mlo, sima na mchunga, ule uchungu wake mzoee. Pombe ya mnazi italetwa. Anayeshika usukani asubuhi anywe chai.

Kisha, hata mbingu ziwe safi namna gani, rudisha turubai kabla ya kulala. Umande ni sababu moja. Ya pili ni kuku. Nililiacha wazi usiku mmoja ili nitazame nyota nikiwa nimelala kiti cha nyuma, nikashindwa na mbu, nikaingia ndani. Alfajiri nilikuta jogoo kwenye usukani na mitetea minne kwenye viti, kila mmoja na kumbukumbu yake.

Siku ya tatu: kurudi, na kurudisha

Usitoke mapema mno. Njia ya kurudi inakukabili na jua la mashariki, na paa la kukukinga halipo. Saa tatu limeshapanda vya kutosha. Kunywa chai yako, kagua matairi, tazama chini kama kuna mafuta yaliyovuja usiku, uende. Saa tano upo Malindi.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe, pitia mahali pa kuosha magari. Sisitiza waoshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vizingiti na nyuma ya magurudumu, na wasielekeze mpira wa maji kwenye nyuzi za turubai. Viti vipigwe kwa fimbo kabla ya kupanguswa, vumbi la Magarini huingia kwenye mishono likikaa huko mwaka mzima. Zipu zipate mshumaa. Jaza mafuta hadi mlipokubaliana, na piga video ya pili.

Mwenye gari wangu alilizunguka mara mbili, akakunja turubai, akalirudisha, akaridhika. Kisha akainama chini ya kiti cha nyuma, akainuka na unyoya mmoja mwekundu. Akanitazama. Nikamkabidhi funguo.